Handbreki Kwanza: Land Rover Kuukuu na Ukaguzi Wake Katika Ardhi ya Ugogo

Fundi anayeijua Land Rover 109 haanzi kuiandaa kwa ukaguzi kwa kufungua boneti. Hutandika gunia, hulala chali chini ya gari na kutafuta ngoma moja ya breki iliyokaa mahali ambapo magari mengi hayana kitu: nyuma ya giaboksi ndogo ya fowili, pale propela ya nyuma inapoanzia. Hiyo ndiyo handbreki. Kwenye magari mengi handbreki hushika magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover za zamani hushika propela. Oili sili ya hapo ikichoka, oili huchuruzika ndani ya ngoma, breki shuu hulowa, na gari lililoegeshwa mlimani huanza kuteremka lenyewe, taratibu, bila mtu ndani. Askari mkaguzi akiuvuta ule mkono na kuona gari bado linasogea, rangi mpya na viti vilivyoshonwa upya havimsaidii mwenye gari kitu.

Kila mwaka wenye magari Tanzania hupeleka magari yao kwa wakaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na gari linalopita hubandikwa kwenye kioo cha mbele stika ya Nenda kwa Usalama. Kwa gari jipya shughuli hii humalizika kabla chai haijapoa. Kwa Land Rover iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, kabla mwenye nayo wa leo hajazaliwa, ni kazi ya siku kadhaa na ya mafundi zaidi ya mmoja: wa injini, wa umeme, wa breki, wa kuchomelea. Dodoma kazi hiyo imekuwa ya kurithishana. Kijana anayeshika tochi leo anafundishwa na mtu aliyefundishwa na mwingine, na mnyororo huo ukifuatwa nyuma unapita mahali ambapo wengi hawapatarajii: kwenye shamba la karanga lililoshindikana.

Hata hivyo, ardhi ya Ugogo, nchi ya Dodoma na Mpwapwa, ilianza kuyapima magurudumu kabla injini hazijawahi kufika. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society, alisafiri na ng'ombe kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa kuona kama mikokoteni ingeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Safari yake ilimtia moyo. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 350, na mikokoteni ikaingizwa. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, mikokoteni ikabaki njiani, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi kwa miongo mingine mitatu. Ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliyoleta chuma kinachozunguka hadi Dodoma.

Chini ya Waingereza mji huo ukawa njia panda. Reli ilipita kutoka mashariki kwenda magharibi, na Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ile ndoto ya kutoka Cape hadi Cairo, ikashuka kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa, ikavuka reli Dodoma na kuendelea Iringa. Barabara yenyewe ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya saa ya mkononi; masika ilikuwa tope jeusi la mbugani na makorongo yanayofurika ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani usiku. Magari ya wakati ule hayakuwa yameundwa kwa ajili hiyo. Yalikufa mapema, na waliojua kuyafufua walikuwa wachache: mafundi Wahindi na Masingasinga wa miji ya reli, na vijana wa Kiafrika waliowashikia spana bila kuandikwa popote kama mafundi.

Vita Kuu ya Pili ilibadilisha hesabu hiyo. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa Keya, yaani King's African Rifles, na vikosi vya usafirishaji vya jeshi walifundishwa kuendesha na kutunza malori, wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma, na waliporudi walikuwa na ujuzi ambao kijiji hakikuwa na mahali pa kuutumia. Mahali hapo palipatikana haraka, tena karibu.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni 3. Eneo la kwanza kufyekwa lilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma, na mwaka 1947 mashine zikaanza kuwasili. Nyingi zilikuwa za mtumba wa vita: matrekta na mabuldoza yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino, yaliyokwisha kaa mvuani kabla hayajapakiwa melini. Baadaye vikaja vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Reli ndogo ilichepushwa kutoka Msagali hadi Kongwa ili kuzisogeza mashine hizo.

Kongwa ilizishinda mashine zile. Mizizi ya vichaka ilipinda majembe, mibuyu iliyashinda mabuldoza, na udongo wa mfinyanzi, ukikauka, ukawa mgumu kama tofali na kusaga kila chuma kilichougusa. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mgomo wa wafanyakazi ulioanzia bandarini Dar es Salaam Septemba mwaka huo ulipanda na reli na kuwafikia wafanyakazi wa Kongwa pia. Januari 1951 serikali ya London iliufuta mradi, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Vitabu vimeandika sana kuhusu karanga ambazo hazikuota. Kilichoandikwa kidogo mno ni karakana. Mashine nyingi kiasi kile, mbovu kiasi kile, katika eneo moja, zilihitaji mamia ya mikono ya kuzifungua, kuzikagua na kuzifunga tena, na mikono mingi ilikuwa ya Waafrika. Mtu aliyeweza kuondoa gia nzima kwenye trekta moja lililokufa na kuliwasha la pili kwa gia hiyo alikuwa amejifunza jambo ambalo chuo cha nchi tajiri hakifundishi, kwa sababu huko spea hununuliwa dukani. Mradi ulipofungwa, watu hao walitawanyika Mpwapwa, Dodoma, Morogoro na kwingineko, na ujuzi wao ukaondoka nao. Ni haki kusema kwamba hayo ndiyo mavuno makubwa zaidi ambayo shamba la Kongwa liliwahi kutoa.

Wakati huohuo, Ulaya, gari lililokuja kuwa la mafundi hao lilikuwa linazaliwa. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia jipu la kijeshi la Willys kwenye shamba lake Wales, aliamua kuunda gari la kuchukua nafasi yake. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Bati la chuma lilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ya kwanza ilikuwa na inchi 80 kutoka ekseli hadi ekseli, na desturi ya kuziita kwa inchi hizo ikaendelea: 86, 88, 107, kisha ile 109 ndefu ambayo wazee wengi wa Tanzania wakisema "Land Rover" ndiyo wanayoiona machoni.

Aluminiamu ile iliyotokana na dhiki ikawa ndiyo bahati ya gari. Bodi haishiki kutu. Kinachooza ni chesisi iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma cha kawaida, hasa boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi. Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya bahari hula chesisi hiyo huku bodi iking'aa juu yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote gari hukauka. Ndiyo maana Land Rover za miaka ya 1960 bado zinaonekana kwenye njia za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni zikiwa na chesisi zao za kuzaliwa, wakati wenzao wa pwani walishakatwakatwa vyuma chakavu.

Gari hili liliingia kila ofisi ya nchi: bwana mifugo wa Mpwapwa, daktari wa hospitali ya misheni ya Mvumi, mkuu wa wilaya, mpima ardhi. Uhuru ulipofika mwaka 1961 lilikabidhiwa pamoja na mafaili. Mwaka 1971, serikali ilipoendesha Operesheni Dodoma kuwahamishia wananchi kwenye vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere alipokuja kukaa Chamwino na kufyatua matofali na wanakijiji, Land Rover ndiyo iliyoweza kufika mahali ambapo njia ilikuwa bado ni alama za kwato za ng'ombe.

Kisha ukaja mwaka 1973, mwaka ambao kwa habari hii una uzito wa pekee. Mwaka huo chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliopeleka wataalamu na magari yao kwenye makorongo ya Kondoa. Mwaka huohuo likaanzishwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Na mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya 1973, ambayo hadi leo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayompa askari mkaguzi haki ya kuinama chini ya gari la mtu na kusema hili halifai kuwa barabarani. Mji mkuu wa kupanga na sheria ya kupima magari ni ndugu wa umri mmoja.

Wazo lenyewe la kupima magari makuukuu halikuwa la zamani sana hata kwa waliolianzisha. Uingereza ilianza upimaji wa lazima Septemba 1960, kwa magari yaliyofikisha miaka 10, na vilivyoangaliwa vilikuwa breki, taa na stelingi. Baadaye umri huo ulishushwa hadi miaka 3. Japani ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1951. Sheria hizi za mbali zimeacha alama hata kwenye uso wa Land Rover: hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zake kubwa zilikaa katikati, pembeni mwa rejeta, zikiwa karibukaribu kama macho ya bundi. Zilihamishiwa kwenye mbawa kwa sababu nchi kadhaa zilidai taa zionyeshe upana wa gari. Mtu akiona Dodoma gari lenye taa za katikati, anajua bila kuuliza kadi kwamba ni la kabla ya mwaka 1970.

Sheria ya 1973 iliikuta nchi ikielekea kwenye miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, na magari binafsi yakakatazwa barabarani Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Spea zikawa za kusimuliwa tu. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilitoa tairi, lakini kupata tairi ya 750 kwa 16 ya Land Rover kulihitaji kibali na kujuana. Hapo mafundi wa Dodoma walirudi kwenye somo la Kongwa. Bushi za springi zilichongwa kwa mpira wa tairi kuukuu, ileile inayotoa katambuga. Gasketi zilikatwa kwa kisu kutoka kwenye karatasi ngumu, zikapakwa grisi. Springi iliyovunjika bamba moja ilipewa bamba la lori lililokatwa kwa tindo. Gari moja lilichinjwa ili mawili yatembee.

Ubunifu ule ulistahili heshima, na unaistahili hata sasa. Lakini ukweli wote lazima usemwe. Mpira wa breki uliochongwa kwa mkono huweza kushika leo na kuachia kesho, na hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayeweza kutengeneza usalama kwa kitu ambacho hakipo. Taifa lilijua bei ya barabara tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali eneo la Dakawa, Morogoro, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam.

Milango ya biashara ilifunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na Toyota ikaingia kwa kishindo. Land Cruiser za mashirika ya misaada zilizaa majina: ile ngumu yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa ikaitwa mkonga, na ile ya starehe ya wakubwa ikaitwa shangingi. Injini ya mkonga, 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na vifaa vya umeme vya kusumbua, ilikubalika na mafundi kama vile wameiunda wenyewe. Nyuma yake ikaja mitumba ya Japani. Huko gari la kawaida hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya kulipitisha huwafanya wengi waliuze mapema. Ukaguzi mkali wa Tokyo na Yokohama ndio uliojaza meli zinazokuja bandari ya Dar es Salaam.

Land Rover hazikufa. Zilibadilishwa moyo. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyokunywa mafuta kwa pupa, iliondolewa na mahali pake pakawekwa dizeli ya Kijapani iliyotolewa kwenye pikapu iliyogongwa. Kazi hiyo ni ya kiufundi hasa: mafundi hutengeneza bamba la kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani, wakipima kwa macho na kalipa. Tatizo huja mezani kwa mkaguzi. Kadi ya gari inasema namba moja ya injini, chuma kinasema nyingine. Mwenye gari ambaye hakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, kubadilisha maelezo hayo hupoteza siku, na mwenye gari ambaye fundi wake wa kuchomelea alisaga namba ya chesisi, iliyogongwa sehemu ya mbele kulia, hupoteza zaidi ya siku.

Kuna mabadiliko mengine yaliyoanzia Dodoma yenyewe, ndani ya ukumbi wa Bunge. Hadi mwaka 2017 kioo cha mbele kilibeba pia stika ya leseni ya barabara iliyolipiwa kila mwaka, na hata gari lililolala juu ya mawe kwa ubovu lilihesabiwa deni. Tarehe 8 Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, aliifuta ada hiyo katika hotuba ya bajeti na kuhamishia mzigo kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Gari lisilotembea likaacha kudaiwa. Kwa Land Rover zilizokuwa zimelala nyuma ya nyumba za wastaafu, hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kuamshwa.

Kuamsha gari la namna hiyo kuna mpangilio wake, na fundi mzuri huanza na ombi linalowashangaza wengi: gari lisioshwe kwanza. Vumbi la Dodoma ni shahidi. Mahali linapovuja, vumbi hulowa na kuganda kuwa tope jeusi, na kwa kufuata tope hilo fundi husoma sili zote zilizochoka bila kufungua nati moja. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, ambalo gurudumu hulizunguka likikata kona. Vumbi likiingia kwenye sili ya tufe hilo hulikwaruza, oili huvuja, na wengine hujaza grisi badala ya oili ili kuficha uvujaji. Mafundi wazee hawapendi njia hiyo, kwa sababu grisi haifiki bearing ya juu inavyotakiwa.

Halafu breki. Kwenye Land Rover nyingi za zamani magurudumu yote manne ni ya ngoma, na mafuta ya breki hupita kwenye njia moja tu: paipu moja ikipasuka, pedali huenda hadi chini na magurudumu yote manne huachia. Kwa hiyo paipu za chuma hukaguliwa kwa kidole kutoka masta silinda hadi mwisho, hasa pale zinaposuguana na chesisi. Kila ngoma ina bolti yake ya kukazia breki shuu kwa nyuma. Fundi huikaza hadi gurudumu likatae kuzunguka, kisha hulegeza kidogo, akilinganisha kushoto na kulia, maana gari linalovuta upande mmoja likipigwa breki halipiti mbele ya mkaguzi yeyote makini. Mmoja hupampu pedali, mwingine chini hutoa upepo.

Stelingi ndiyo inayochukua muda. Kuna tairodi endi sita, na kuna kifaa kilichofichwa ndani ya boriti ya mbele, chenye springi kali, ambacho huhamisha mzunguko wa stelingi kwenda kwenye magurudumu. Kikikauka oili, stelingi huwa nzito kama ya trekta. Endi sita zikilika kila moja nusu milimita, dereva huzungusha usukani robo nzima kabla tairi hazijaamua kumsikia. Fundi wa umeme naye ana mitego yake: Land Rover za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa betri kinyume, chanya ikiwa kwenye bodi, na asiyejua huunguza redio, au hata alteneta aliyoipachika mahali pa dainamo. Mwisho huja taa, indiketa, honi, waipa, vioo vya pembeni, mtungi wa zimamoto, pembetatu za tahadhari, na mikanda ya viti ambayo mengi ya magari haya hayakuzaliwa nayo.

Kwa muda mrefu watu walijiuliza kwa nini gari linalotembea kilomita 30 kwa saa kwenye njia ya vumbi lisumbuliwe na upimaji wa mjini. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake. Kwenye barabara ya zamani ya Kondoa, stelingi yenye mchezo haikuwa tishio. Mashimo yenyewe yalimzuia dereva. Mwaka 2018 hoja hiyo ilikwisha. Barabara ya lami kati ya Iringa na Dodoma ilizinduliwa, na ile ya Dodoma hadi Babati ikazinduliwa pia, na Barabara Kuu ya Kaskazini ikawa mkeka kwa mara ya kwanza katika historia yake. Land Rover ileile, na endi zilezile sita, sasa inakwenda kilomita 80 kwa saa ikikutana na mabasi. Serikali ilikuwa imeshaanza kuhamia Dodoma, mji ulipewa hadhi ya jiji Aprili mwaka huohuo, na msongamano ukaongezeka. Lami imeligeuza gari chakavu kuwa hatari zaidi kuliko lilivyokuwa vumbini, na kwa sababu hiyo ukaguzi wa mwaka una maana zaidi leo kuliko wakati wowote tangu 1973.

Hapo ndipo desturi moja mbaya inapoumiza. Wapo wanaoazima: tairi nzima kutoka kwa jirani, mtungi wa zimamoto kutoka dukani, pembetatu kutoka gari la pili. Stika ikishabandikwa, vipara hurudishwa na gari hubeba abiria kwenda mnadani. Anayefanya hivyo amemdanganya askari kwa nusu saa, na amewadanganya wanaokaa nyuma ya gari lake kwa mwaka mzima. Fundi anayekubali kushiriki anaudhalilisha ujuzi ulioanza kwa jasho la Kongwa.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha iliita Land Rover za nchi nzima kwenye tamasha, shabaha ikiwa kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Nchi ilishangilia magari. Ingefaa sasa ishangilie na wanaoyatengeneza, ambao wengi wao bado wanaitwa wa gereji bubu, wasio na cheti wala bango, wakati magari ya serikali yana TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa serikali, na magari mapya yana wakala wao. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Utaratibu huo upelekwe kwa makusudi kwa mafundi wa Land Rover wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Dodoma mjini, na askari wakaguzi vijana wapelekwe kwao kuonyeshwa ngoma ile ya handbreki ikiwa imefunguliwa. Lifanyike mapema, wakati wazee walioshika spana enzi za uhaba bado wana nguvu ya kulala chini ya gari na kuonyesha kwa kidole.